Boksi la Mninga Lililovuja Upepo

Yona, mdogo wangu,

Swali ninaloshindana nalo tangu tulipokuzika ni fupi, ingawa sijawahi kulijibu kwa ufupi: je, nilijua kwamba husikii? Sisemi baadaye, maana baadaye niliambiwa. Nasema kabla. Nasema siku zile tulipokuwa tukijenga boksi la spika, mimi na wewe, nyuma ya gereji pale Singida mjini.

Nimesomea fizikia na ualimu. Nimezoea kuwaambia wanafunzi wangu kwamba kuona dalili si sawa na kujua sababu. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini nimegundua kwamba inanifaa mno, na jambo linalonifaa kiasi hicho sina budi kulitilia shaka. Kwa hiyo acha nilipange mbele yako kama lilivyotokea, nawe huko uliko usinihurumie.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni ulipoandika barua yako. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, na vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa majina tu vikaanza kumwagwa sokoni: kaseti kwa marobota, betri kubwa kubwa, magari yaliyochoshwa huko yalikotoka. Wewe, uliyejifunza kuunganisha nyaya za redio za watu kwa risasi na chuma kilichopashwa kwenye mkaa, uliona mlango wako. “Dada,” uliandika, “nimepata sabufa mbili za inchi kumi na tano. Moja karatasi yake imechanika, nitaiziba kwa mpira wa baiskeli. Wewe umesoma, nitafutie ukubwa wa boksi. Nataka mtu wa Ikungi ajue kwamba nimeamka.”

Nilikutafutia. Nilikaa maktaba siku mbili kwa ajili ya boksi lako, nikachora, nikapiga hesabu ya ujazo na ya tundu la kupumulia, na likizo ilipofika nikaja nayo mwenyewe. Mbao za mninga alikuletea mfanyabiashara wa asali kutoka Rungwa, pamoja na madonge ya nta, na kwa kuwa gundi ilikuwa imekwisha, uliamua kuziba maungio kwa nta. Nilikuambia itayeyuka. Ulinijibu, “Dada, mimi na jua la Singida tunafahamiana.” Tuliliweka boksi kwenye bodi ya pikapu yako, ukafunga amplifaya nyuma ya kiti, ukawasha.

Vioo vya kinyozi aliye ng'ambo ya barabara vilitetemeka. Mteja wake alitoka na povu nusu ya kidevu kuja kuona kuna nini. Hesabu ilikuwa sahihi, Yona. Nilihisi besi ikipanda kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye meno. Lakini adhuhuri, jua lilipoishika nta, boksi lilianza kuvuja upepo. Ndani ya ule mngurumo kukawa na sauti nyembamba, kali, kama birika linalokaribia kuchemka. Iliniudhi nikiwa mbali, karibu na mlango wa kinyozi. Wewe ulikuwa umeegemea boksi lenyewe.

“Unasikia nini, dada?”

Nilikuambia kuna upepo unavuja, kona ya chini, kushoto. Ulilowesha midomo kwa ulimi, ukaisogeza polepole kwenye maungio, ukifuata ubao mzima, mpaka ngozi yako ilipoupata ule upepo. Mimi nilistaajabia ufundi huo. Nilimwandikia hata rafiki yangu wa chuoni kwamba nina mdogo wangu anayesikiliza kwa midomo. Ukaziba, ukawasha tena, ukanitazama mdomo. “Na sasa?” Bado. “Na sasa?” Bado. Tulifanya hivyo mpaka nikachoka, na ulipouliza kwa mara nyingine, huku sauti ile ikiendelea kulia waziwazi, nilikuambia, “Imekwisha.”

Ulitabasamu. Uliamini.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Yule mtu wa povu alipaza sauti, “Fundi, sabufa yako inapiga mluzi!” na watu wote wakacheka, na wewe ukacheka pia, lakini ulichelewa kidogo, ulianza baada ya kuziona nyuso zetu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikuambia imekwisha. Ikiwa nilichoka tu, basi sikujua. Ikiwa nilikuwa nakupima, basi nilijua, kwa sababu hakuna anayempima mtu asiyemshuku. Naikumbuka siku ile kwa undani, mpaka harufu ya nta naikumbuka, na bado nia yangu mwenyewe siioni.

Wiki iliyofuata ulilipeleka gari Mungaa, kijijini kwetu, kwenye harusi ya binti wa baba mdogo. Lilisikika kabla vumbi lake halijaonekana. Bibi mmoja alishika kifua akauliza ni nani aliyetuletea tetemeko, kisha akaingia kucheza kuliko wote. Sijapata kukuona na furaha kama ile.

Kilichoharibika ni salamu. Ulimwamkia kila mzee, shikamoo kwa shikamoo, hukumruka hata mmoja, lakini hukungoja. Mzee akiitikia marahaba na kuuliza habari za mjini, wewe ulikuwa umekwisha kugeuka. Mama mkubwa alikuuliza kama utakula sasa au baadaye, ukamjibu, “Wote wazima.” Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Halafu baba akakuita. Ulikuwa umeinama kwenye betri. Alikuita mara nne, mbele ya wageni, na hukuinua kichwa. Unamjua baba yetu: mtu aliyekaa baraza la usuluhishi miaka yote ile, aliyepatanisha watu waliotaka kuuana kwa ajili ya ng'ombe, anayeitwa baba hata na watoto wa wenzake, nao akiwaita huitika. Alikufuata, akakushika bega, akasema, “Umenunua mashine ya kukusemea, sasa sisi hatusikiki tena?”

Asubuhi yake wazee walikaa. Baba alisema gari lile lisiingie tena nyumbani kwake mpaka mwenye gari ajifunze kuitika. Kisha akanigeukia mimi. “Wewe uliyesoma, na umekaa naye huko gereji. Ana nini huyu?”

Nilijibu, “Hana ugonjwa wowote, baba. Amelewa sifa.”

Hakuna aliyekuwa ametaja ugonjwa, Yona. Nimeligeuza jibu lile miaka yote hii, na sipati sababu ya kuanza kukanusha jambo ambalo halikuulizwa. Labda ni namna ya kusema tu. Labda. Wewe ulikuwa umesimama ng'ambo, umeshika ufunguo, ukinitazama mdomo. Uliondoka bila kuwasha muziki.

Hukurudi tena Mungaa ukiwa hai. Wakati wa kuvuna uwele, gia za pikapu zikiwa zimeharibika, ulikuwa ukikokota baiskeli kando ya barabara ya Ikungi, umefunga betri nyuma, na lori likakupitia kwa nyuma. Dereva alikuja msibani na wazee wa kwao, jambo ambalo si kila dereva hulifanya. Alipiga magoti. “Nilipiga honi mara tatu, wazee wangu. Hakugeuka. Nilidhani ananidharau.” Nao wazee waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema, “Ndivyo alivyokuwa.” Kichwa cha baba nacho kiliitikia, nilikiona.

Sina hakika kwamba honi ile ilipigwa. Dereva ana sababu ya kusema alipiga, kama mimi nilivyo na sababu ya kusema sikujua.

Nilikwenda gereji kuchukua vifaa vyako. Salehe, yule mchomeleaji mliyekuwa mkigawana kivuli, alinisaidia kufunga mizigo, kisha akaniuliza, “Dada, kwani ninyi nyumbani mlikuwa mnamwitaje?” Sikumwelewa. “Sisi tulikuwa tunapiga mguu chini, anageuka. Au tunamrushia kitambaa. Yona alikuwa anasikia besi tu, na hiyo kwa tumbo.” Aliona uso wangu, akashusha sauti. “Alituomba tusiseme. Mzee akijua, atamrudisha kuchunga. Lakini alisema wewe unajua.”

Alisema wewe unajua.

Kabla ya maneno hayo nilikuwa dada aliyekosa kuona. Baada yake sijui ni nani. Ikiwa uliamini kwamba ninajua, basi asubuhi ile Mungaa hukuona dada anayekosea. Uliona shahidi wako wa pekee akisimama mbele ya wazee kukushuhudia uongo.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Mama alikufuata, na kabla hajafa alinisimulia homa uliyougua kabla hujaanza kutembea, iliyokuacha siku kadhaa kama mtu asiye na habari na dunia. Kwa hiyo sijui hata kama zile spika ndizo zilizokuharibu masikio, au masikio yako ndiyo yaliyozitafuta, yakidai kitu kikubwa cha kutosha kuyafikia. Siku hizi kila kijana mwenye gari anafunga sabufa, na zimekuwa nzuri, haziungwi kwa mpira wa baiskeli. Zinapopita shuleni kwangu mimi husimamisha somo. Wanafunzi hudhani nachukizwa na kelele.

Na baba sasa hasikii. Uzee umempa ruhusa ambayo ujana ulikunyima. Wajukuu humwinamia sikioni, “Shikamoo, babu!” naye huwajibu kwamba hata yeye anaona dalili za mvua, na nyumba nzima hucheka kwa upendo. Hakuna anayesema ana kiburi. Nilipoyaona hayo niliamua kwamba lazima aambiwe habari zako kabla hajaondoka. Nilijaribu uani, tulipokuwa tukipura alizeti. “Baba, Yona alikuwa hasikii.” “Eeh?” “Yona!” “Yona gani, wa mchungaji?” “Yona wako!” Fimbo zote za kupuria zikatulia, watu wakanitazama. Nikasema, “Uji uko tayari, baba.”

Basi nikaandika. Nilichukua karatasi ya manila ninayofundishia na kalamu ya wino mzito, kwa maana macho yake nayo yamepungua. Niliandika: YONA ALIKUWA KIZIWI. HAKUKUDHARAU. ULIPONIULIZA, NILIKUDANGANYA. Nilimkabidhi tukiwa wawili. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akaigeuza karatasi kuona kama nyuma kuna kingine. Hakunitazama. Alisema, kwa Kinyaturu chetu, kama mtu anayezungumza na mwingine aliye karibu zaidi kuliko mimi, kwamba siku ile alikuwa akikuita ukiwa umempa mgongo. Kisha akaomba nimwingize ndani, ingawa jua lilikuwa bado zuri.

Siku hizi anakula nusu ya alichokuwa akila. Mtu akimkaribia, hujigeuza mwili mzima kumwelekea kabla hajaambiwa lolote. Baba mdogo ameniambia waziwazi kwamba nimemuua mzee kabla ya siku yake, na kwamba usomi wangu ungeniachia hata huruma kidogo. Sikumbishia. Nilidhani ninakutafutia haki. Nikijichunguza, naona huenda nilichoka kulibeba jambo hili peke yangu, nikamtafuta mtu wa kulishika upande wa pili, nikamchagua aliye dhaifu kuliko wote.

Hilo sijaliamua, wala lile la kwanza sijaliamua, na nadhani naijua sababu. Yote niliyo nayo, mluzi wa boksi, kicheko chako kilichochelewa, ugonjwa nilioukana kabla haujatajwa, yananielekea mimi. Lakini anayeyasoma ni mimi pia, na kila ninaposoma nina haja ya kupata jibu fulani. Siku nyingine haja yangu ni kuachiwa. Siku nyingine, nakiri, ni kuhukumiwa, kwa maana hukumu nayo ni mapumziko. Mtu pekee ambaye angeweza kusema nilikuwa na uso gani nilipokuambia imekwisha ni wewe, uliyekuwa ukizisoma nyuso.

Ninaloweza kukuahidi ni dogo. Kwenye ibada ya kukukumbuka, hapakosekani mzee wa kusimama na kusema ulikuwa fundi mzuri, ila kiburi tu. Mwaka huu nitasimama baada yake. Nitasema kwamba niliulizwa mbele za watu, nikajibu uongo, na kwamba neno lile la kiburi limezaliwa na jibu langu. Nitasema taratibu, nikiwa nimemwelekea baba, ili aone midomo yangu.

Pumzika, mdogo wangu. Sijui kwa nini ulimwambia Salehe kwamba ninajua. Ikiwa ulisema hivyo kwa kuniamini, nisamehe. Ikiwa ulisema ili asidhani kwamba katika ukoo mzima huna mtu hata mmoja, nisamehe zaidi.

Dada yako