Uvimbe Wangu Kwenye Chupa

Jumatatu, 10 Agosti 1987

Nimerudi Bukima. Mzima! Daktari wa Mwanza kasema nisitoe sauti, hata kunong'ona, mpaka wiki ijayo, koo lipone. Mimi Hyasinta ninyamaze! Basi naandika, la sivyo nitapasuka.

Miaka yote wananitibu pumu. Kumbe kauvimbe, kama punje ya hindi, kamekaa ndani ya bomba la hewa. Nikipumua napiga filimbi. Ursula, jirani yetu, alikuwaga anaisikia akiwa njiani, anajua nimeamka. Mama mkwe naye alikuwa na lake: eti pumu ya kukwepa jembe. Nilimchukia. Ndiyo, nimeandika.

Wamekatoa. Nalala chali! Hewa inaingia tu, bila kupigana. Ila kamepelekwa kupimwa kama ni kansa. Felisian, mume wangu, kabaki Mwanza anasubiri majibu. Nahesabu mabasi yanayotoka huko.

Jumatano, 12 Agosti

Mama mkwe haniachi nilale. Kila nikishtuka yuko hapa na kibatari, kaniwekea mkono puani. Anasema bila ile filimbi hapati usingizi. Jamani! Si yeye alilalamikaga kwamba filimbi ndiyo inamkeshesha?

Ijumaa, 14 Agosti

Si kansa! Felisian kashuka kwenye basi anacheka, nikajua kabla hajafika. Daktari kamwambia ni uvimbe wa nadra, hauna ubaya. Nimelia bila sauti, kamasi tele.

Na amekuja nao! Kachupa ka dawa, kipande kilichobaki baada ya vipimo. Mama mkwe ndiye alimwagiza: kitu cha mwili wa mke wa mji huu hakibaki ugenini, kitazikwa hapa. Daktari alicheka sana, lakini akatoa.

Jumamosi, 15 Agosti

Makubwa!

Asubuhi Felisian kaenda Musoma kununua sukari — siku hizi ipo! Mama kachukua jembe. Shimo la kachupa tu, lakini anaogopa mbwa watafukua, kachimba refu, pale kwenye migomba, anachimba huku anafuta machozi. Ursula akapita njiani. Filimbi hasikii. Shimo analiona. Akatupa ndoo, akapiga yowe: Hyasinta wetu!

Sasa uwanja umejaa. Alfonce wa dukani kaleta sanda, nyeupe, mpya, bila kibali cha mtu! Juzijuzi tu, nguo zilipoadimika, tulizikaga watu na blanketi. Ursula analia eti nilikuwa mpole. Mimi! Mpole!

Mama anapiga kelele kwamba niko hai. Wamemshika mikono, wanambembeleza ajikaze, uchungu umempanda kichwani. Kachupa kako juu ya udongo, hakuna anayekaona.

Mimi niko kitandani, nimeuma kanga nisicheke. Nikitoka watakimbia. Kusema siruhusiwi.

Mama kawaponyoka! Kaingia, kafunga mlango, kalaza sikio kifuani kwangu. Naandikia juu ya kichwa chake. Mikono ina udongo. Yeye mwenyewe wameshamtia wasiwasi kama kweli niko hai, maskini.

Nje wameanza wimbo wa marehemu.

Ananiambia pumua. Napumua. Kimya, hamna filimbi. Pumua tena, mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo. Napumua. Wanagonga mlango, wanataka kuniosha, naye hatoi sikio, anasema tena —