Baba Amejibu Barua ya Mawakili

Merle, shika simu! Merle!!

Mawakili wa kampuni moja ya muziki wamemwandikia baba, maana intaneti ya nyumbani ina jina lake. Wanadai kuna wimbo mmoja umesambazwa mtandaoni bila ruhusa kutoka kwetu. MMOJA tu! Mijitu haina haya, inashtaki mpaka wastaafu.

Nikamwambia, "Baba, usijibu kitu, tutafute wakili kwanza."

"Nimeshajibu, Swantje. Nimeituma kwa posta asubuhi."

"Umejibu nini?!"

"Walitaja wimbo mmoja. Hiyo si kweli. Nimewaorodheshea na zile mia mbili nyingine zilizo kwenye kompyuta yako, kwa alfabeti."

KWA ALFABETI, Merle! Miaka thelathini na tano ya ukarani mjini Bremen imemharibu kabisa huyu mzee!

Nikapiga kelele, "Umenimaliza, baba!" Yeye anapaka siagi mkate. "Fomu waliyoambatisha ilikuwa na nafasi ya maelezo zaidi. Nafasi haiachwi wazi."

Sasa kaa chini. Ile flashi ya nyimbo uliyonipa, si uliibandika jina na anwani yako ili isipotee?

Fomu iliuliza nyimbo zilitoka kwa nani.

Baba anakusalimu. Anasema usiwe na wasiwasi, anwani yako ameihakiki mara mbili.