Kichwa cha Neema kilianza Jumatano

Jumanne, Babati. Wingu limekaa juu ya mlima Kwaraa tangu asubuhi na nepi za mtoto hazikauki. Sina raha. Naandika hapa kwa sababu mama hasomi mambo ya mtandaoni.

Mdogo wangu Neema alijifungua wiki mbili zilizopita, akaja kwangu Nangara nimtunze. Nilijisifu kwa kazi hiyo. Uji wa ulezi, supu, kumkanda kwa maji ya moto. Maji ya kunywa nilimnyima, kama tulivyofundishwa na mama: mzazi akinywa maji ovyo, tumbo halirudi. Akiomba, nampa chai nusu kikombe.

Jumatano alisema kichwa kinamuuma. Nikamfunga kanga, nikaikaza. Alhamisi akalia. "Dada, hiki si kichwa cha kawaida." Nikamjibu kwamba sote tumezaa, asijidekeze.

Nilimwambia asijidekeze.

Jumapili akiwa ananyonyesha, mkono wa kulia ulilegea, mtoto akateleza nikamdaka. Mdomo ulikwenda upande. Majirani wakasema karogwa. Mimi niliwaza kiharusi, lakini kwa binti wa miaka ishirini na minne?

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa. Daktari akatueleza kwamba damu imeganda kwenye mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo. Alisema huweza kuwapata waliotoka kujifungua, na mwili ukikosa maji hatari inazidi. Kisha akauliza kichwa kilianza lini.

Nilijibu, "Jana." Mama alikuwa amesimama pembeni yangu.

Wanamchoma sindano za kuzuia damu isizidi kuganda. Leo ameweza kukunja vidole viwili. Jina la mwanawe bado hawezi kulitaja. Daktari anasema tusubiri, wengi hupona, ila hakuahidi kitu.

Jioni hii nyumba ilijaa watu wa pole. Mama akanishukuru mbele yao kwa nilivyomlea Neema, eti bila mimi tungeshamzika. Akaongeza kuwa mdogo wetu Anna, mwenye mimba ya miezi minane, naye atakuja kwangu nimtunze vilevile.

Watu wakaitikia. Nami nikasema, "Asante, mama."

Kesho nitasema ukweli, nikianza kwa daktari, kisha mama. Akiamua kumpeleka Anna kwingine, sitamlaumu.