Kikao Kilichofunguliwa kwa Maombi

Jumatatu, 3 Februari

Semina tena. Ukumbi wa kiwanda, baridi ya Kibugu inapenya chini ya mlango, wasimamizi wamejikunja ndani ya majaketi kama kuku walionyeshewa. Mimi mbele, kalamu ya ubao mkononi. Afisa wa rasilimali watu, mtoto wa Meru aliyeletwa Embu kuwafundisha watu wazima sheria ya ajira.

Mzee Nyaga, meneja wetu, alifungua kwa maombi. Ni mzee wa kanisa. Haanzi hata kikao cha kununua kuni bila kuomba. Aliomba mvua, akawaombea wagonjwa, kisha akamshukuru Mungu kwa boila mpya inayokuja. Hakuna aliyekuwa amesikia habari za boila. Mambo ya kiwanda hiki tunayajua tukiwa tumefumba macho. Mzee anaweza kumzungusha afisa wa kazi, wakili na hata mke wake, lakini Mungu hamfichi kitu.

Nimefundisha jinsi ya kumfuta mtu kazi kihalali. Sababu iwepo. Aelezwe kwa lugha anayoielewa. Aitwe, asikilizwe, kando yake akae mfanyakazi mwenzake aliyemchagua mwenyewe. Uamuzi uje baada ya hapo. Si kabla. Nilipofundisha likizo ya uzazi walisinzia. Nilipofika kwenye kufuta, kalamu zote ziliamka. Watu wa ajabu.

Swali moja tu la maana, na halikutoka kwa wasimamizi. Lilitoka kwa Wawira, aliyetumwa na wenzake wa chumba cha kuchambulia chai. Aliuliza kama huyo wa kukaa kando anaweza kuwa mtu yeyote. Nikasema yeyote mnayefanya kazi pamoja. Akaandika.

Githeri ya mchana ilikuwa ngumu.

Jumanne, 4 Februari

Mzee ameniita. Anataka Wawira aende.

Wiki iliyopita afisa wa kazi wa serikali alipita kukagua. Kama kawaida, kila mtu wa chumba cha kuchambulia alipewa barakoa asubuhi, maana vumbi la chai mle ndani linakaba. Kama kawaida, zilikuwa zikusanywe jioni na kurudishwa kwenye kabati. Afisa akamuuliza Wawira kama wanazivaa kila siku. Mwanamke akajibu kweli. Akaonyesha na kabati.

"Huyu mama ametuanika, madam," Mzee akasema. "Mtafutie njia. Lakini iwe ya sheria, sitaki kuitwa kortini."

Nilimwambia mtu hafutwi kwa kulalamika. Sheria imesema wazi. Akacheka, akasema ndiyo maana waliniajiri. Nami nikafurahi kusikia hivyo. Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kuusoma: nilifurahi. Tangu nianze kazi hii hakuna jalada langu lililoanguka mahakamani.

Wawira anaishi kwenye nyumba za kampuni, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji. Yeye na binti yake, anayesoma shule iliyo hapo chini. Kazi ikienda, nyumba inaenda nayo.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata njia. Ilikuwa rahisi mno, nikaona aibu kidogo, kisha nikaacha kuona.

Mwezi uliopita Wawira alitoka zamu haijaisha. Mtoto alikuwa amezimia shuleni. Alimwomba ruhusa msimamizi wake, Gicovi, naye Gicovi akatikisa kichwa kwamba aende. Watu wa pale wote walimwona akitikisa kichwa. Leo nimemwita nikamuuliza kama alitoa ruhusa.  Akauliza, "Ile ya mdomo inahesabika, madam?" Nikamkumbusha nilichofundisha Jumatatu: ruhusa isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha. Akasema basi hakumbuki.

Semina yangu imezaa matunda.

Mimi mwenyewe nimempelekea Wawira wito wa kikao cha Jumatano. Kuacha kazi bila ruhusa. Nikamsomea kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kimeru polepole ili Kiembu chake kikutane nacho njiani. Akasikiliza mikono ikiwa imefungwa ndani ya aproni. Hakulia. Ningependelea alie. Mtu anayelia unampa maji, mambo yanakwisha.

Ijumaa, 7 Februari

Wawira amezunguka kiwanda kizima akitafuta wa kukaa naye. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ameumwa na tumbo ghafla, na ataumwa mpaka Jumatano. Wenzake wa kuchambua wanainamisha macho. Waoga.

Jioni amekuja mlangoni pangu. Amenichagua mimi.

Nikamwambia mimi ndiye ninayemwita. Akasema nilisema mtu yeyote. Akanifungulia karatasi yake ya semina. Ni kweli, nilisema.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefua. Nimekasirika siku nzima. Mjinga gani anamchagua anayemkata amshikie mkono?

Nikikataa, atasema alinyimwa mtu. Mzee anaona ni kichekesho, anasema nikae tu, ninyamaze, mhasibu ataandika. Nitakaa.

Jumatano, 12 Februari

Kikao.

Mzee katikati, mhasibu kushoto, mkuu wa uzalishaji kulia. Gicovi mlangoni, shahidi. Upande huu wa meza sisi wawili. Wawira alikuja na gauni la kanisani na kitambaa kichwani. Alinukia sabuni, na chini ya sabuni chai. Sijawahi kukaa upande huo wa meza. Kiti ni kifupi. Nilikinunua mimi.

Mzee akasema tuombe. Hakuna aliyeshangaa, hata mimi. Nilifumba macho.

Akaomba vizuri, kama kawaida yake. Akamshukuru Mungu kwa siku. Akaomba hekima. Halafu sauti ikalegea, ile sauti anayoitumia mazishini. "Na huyu binti yako Wawira, Baba, tunakushukuru kwa miaka ambayo ametutumikia. Anapotoka hapa umfungulie mlango mwingine. Umtangulie yeye na mtoto wake."

Tukasema amina. Wote. Mimi pia. Mdomo ulishazoea.

Nikafumbua macho. Wawira hakuwa amefumba yake. Alikuwa ananiangalia mimi, si Mzee.

"Madam, si ni wewe ulisema uamuzi inakuja nyuma?"

 Mhasibu alikuwa ameandika maombi yote, neno kwa neno, maana nilimfundisha kuandika kila kitu.

Niliiona mahakama mbele yangu. Wakili yeyote wa mwaka wa kwanza angeyasoma yale maombi kwa sauti na kuketi. Nikasimama. Nikasema, "Mwenyekiti, kikao hiki hakiwezi kuendelea. Umeshamfuta mbele ya Mungu." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mkuu wa uzalishaji alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Gicovi pale mlangoni hakugeuza chake.

Uso wa Mzee ulivimba. Miaka yote nimemsikia akiomba, hakuna aliyewahi kumkatiza wala kumsahihisha. Ninakiri nilionja utamu.

Chini ya meza Wawira alinishika mkono. Akaubana. Nilimwachia, kwa sababu kuuvuta kungeonekana.

Sikumtetea. Nilikuwa naokoa jalada.

Alhamisi, 13 Februari

Asubuhi nimekuta mfuko kwenye mlango wa ofisi. Avokado, kubwa, mbichi, kila moja imeviringishwa gazeti. Za mti ulio nyuma ya nyumba yake. Wawira mwenyewe akapita baadaye akasema nisizile sasa, niziache kwenye gazeti mpaka zilainike. Akaniita "mwendwa". Kwetu neno hilo huambiwa mtu wa nyumbani anayependwa.

Kiwanda kizima kinanisalimia. Mama wa jikoni amenipa nyama kwenye supu. Wanadhani nimemwokoa. Wanasema huyu Mmeru ana roho.

Wapumbavu. Ningewapigia kelele wote.

Mzee aliniita mchana. Hakuniambia nikae. Akauliza kama nimemaliza kumwaibisha mbele ya vibarua wake. Nikamweleza: kile kikao tunakifuta kwa barua, tunaanza upya na mwenyekiti mwingine, tunakwenda hatua kwa hatua, hatuombi. Matokeo ni yale yale. Safari hii hayataguswa na jaji yeyote.

 Kisha akasema, "Wewe ni mtu hatari, Kinya."

Nilichukulia ni sifa.

Jumatano, 19 Februari

Kikao cha pili. Mwenyekiti mkuu wa uzalishaji. Mimi nimerudi upande wangu, kalamu yangu, kiti changu kirefu.

Wawira aliingia akitabasamu. Gauni lile lile. Alipoulizwa amemchagua nani akanionyesha. "Namtaka madam tena."

Nikamwambia haiwezekani, safari hii mimi ndiye katibu. Chagua mwingine. Tabasamu lilichukua muda kuondoka. Kwanza macho, mdomo baadaye. Alitazama dirishani, kule wenzake walikokuwa wakipepeta. Tukampa nafasi ya kwenda kuuliza. Niliwaona kupitia kioo wakitikisa vichwa kukataa mmoja baada ya mwingine, na barakoa hawana. Alirudi peke yake. Akakaa. Kiti cha pili kikabaki wazi.

Nikaandika kwamba amepewa nafasi ya kuchagua na hakuchagua.

Mwenyekiti akafungua jalada. Wawira akainua kichwa. "Hatuombi leo?"

Mwenyekiti akaniangalia mimi. Mhasibu akaniangalia mimi. Mwanamke hakuwa anatega. Hajawahi kuona jambo zito likianza hivi hivi tu.

Nikasema hatuombi.

Gicovi akasema hakumbuki kutoa ruhusa. Alisema akiitazama kalenda ukutani. Wawira aliombwa ajieleze. Akasimulia mtoto, shule, kile kichwa kilichotikiswa. Kwa Kiembu, na nikaandika yote kwa uaminifu. Kisha akaishiwa na maneno, akanigeukia mimi, akangoja. Alidhani bado niko na neno la kusimama nalo.

Nikafungua ukurasa mwingine.

Alitolewa nje. Tukangoja dakika kadhaa, tukinywa chai, ili uamuzi uonekane umefikiriwa. Akaitwa. Akapigwa kalamu kwa heshima zote, na haki ya kukata rufaa akasomewa. Rufaa inakwenda kwa Mzee Nyaga.

Hakuna kosa hata moja. Nimepitia jalada mara mbili. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Ijumaa, 21 Februari

Amehama. Godoro na sufuria juu ya bodaboda, safari mbili. Anakwenda Karurumo kwa dada yake. Binti yake alibeba mkoba wa shule mgongoni kana kwamba anakwenda darasani. Atakosa shule, au atapata nyingine. Si kazi yangu.

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi nikijifanya nasoma simu. Nilitaka anitukane. Alipita akasema, "Kaa salama, madam." Madam, si mwendwa.

Namchukia kwa hilo.

Jumamosi, 22 Februari

Nimekwenda Kianjokoma kununua viatu. Hakuna kilichonitosha. Nimerudi.

Jumatatu, 24 Februari

Mkutano wa asubuhi, uani, watu wote. Boila imefika. Ukungu mzito, ungeweza kuukata.

Mzee Nyaga aliomba. Aliombea boila, msimu, barabara ya Kibugu. Nilikuwa nawaza chai ya saa nne. Halafu sauti ikalegea.

"Na huyu dada yetu Kinya, Baba, tunakushukuru kwa miaka ambayo ametutumikia. Kwa yote ametufundisha. Umfungulie mlango mwingine."

Nilisema amina kabla ya kusikia. Wote walisema.

Nilipofumbua macho Gicovi alikuwa ananiangalia, mhasibu anaangalia viatu vyake. Mzee alinipa mkono, akauliza habari za nyumbani. Mpole kabisa. Hakuna aliyeniambia kitu mchana kutwa. Hakuna haja, tulishaambiwa.

Atafanya vizuri. Nimemfundisha mwenyewe. Sababu itapatikana. Wito utakuja kwa lugha ninayoielewa, nami nitaulizwa nani atakaa kando yangu.

Jioni nimefungua gazeti moja kwenye mfuko wa Wawira. Avokado imelainika, haina doa. Nimeikata katikati, nikatia chumvi, nikala kwa kijiko nikiwa nimekaa kitandani. Nimepitia majina ya kiwanda kizima, chumba kwa chumba, boila, mizani, jikoni, ofisi. Yupo mmoja tu ambaye angekubali, naye yuko Karurumo.

Nimekula na nusu ya pili.