Nilimkunjia Upindo Mwanangu Aamini Anakua

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umri unaruhusu, na kama hauruhusu basi pokea salamu tu, maana huwa nakusoma kila wiki lakini sijawahi kukuona. Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, kwa sababu jambo lenyewe ukilisikia mwanzoni utadhani ni mzaha wa mafundi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, kibanda changu kiko mkabala na geti la shule, na watoto wengi unaowaona pale asubuhi wamepita mikononi mwangu nikiwapima mabega na kiuno huku wakicheka kwa sababu futi inawatekenya. Nina mabinti wawili. Mkubwa ana miaka tisa, baba yake alimpachika jina la Pini tangu akiwa mchanga na limemganda, na mdogo wake ana miaka saba. Kwetu nguo ya mkubwa ikimbana inashuka kwa mdogo, ndivyo tunavyoishi, lakini mwaka juzi niliona gauni la Pini halimbani, nikasema sawa, watoto hawakui kwa mkupuo mmoja, mwaka jana likawa bado linamtosha vizuri kabisa, na mdogo mtu kwa upande wake akawa anapasua tu, leo kwapa, kesho kiuno, mpaka siku moja mteja wangu mmoja, mama mwenye mdomo usio na breki, akawaona wamesimama pamoja kibandani akasema, "Fundi, hapa umegeuza mambo, mdogo ndiye amshushie dada yake nguo." Akacheka, mimi nikacheka kibiashara, na Pini akatoka akaenda kukaa nyuma ya kibanda. Nilimkuta analia bila sauti. Akaniuliza, "Mama, mimi ndiyo nimeishia hapa?"

Mshauri, moyo ulinikatika, na ndipo nikafanya nililolifanya. Likizo ile nilipofua sare zake nilifumua upindo, nikaukunja ukawa mpana kuliko ule wa kwanza, nikashona, nikapiga pasi pasionekane kitu, na shule ilipofunguliwa Pini akavaa gauni likamwishia juu ya magoti. Wee! Alipiga kelele nyumba nzima ikasikia. "Mama, limenipanda! Nimekua!" Nikamwambia ndiyo mwanangu, umekua, mdogo wako yeye anakimbia tu, wewe unatembea, nikamshonea jipya kwa vipimo vilevile vya zamani, naye akaenda shuleni kichwa juu, akawatangazia wenzake wote. Likizo iliyofuata nikarudia, na iliyofuata tena, kwa sababu nikishaanza nitaachia wapi?

Sasa wiki hii nesi wa afya alikuja shuleni kupima watoto urefu ukutani, halafu akanifuata kibandani akiwa amemshika Pini mkono, akaniambia kwa upole tu kwamba mtoto huyu hajaongezeka karibu chochote tangu alipompima mwaka jana, nimpeleke hospitali aonwe na daktari wa watoto. Kabla sijafungua mdomo Pini akamjibu, "Umekosea, nesi. Mama yangu ni fundi, yeye ndiye anajua kupima." Nesi akanitazama, anangoja niseme neno. Nilijifanya natafuta sindano.

Tangu siku hiyo hospitali hataki hata kuisikia. Ananiambia, "Hospitali wanaenda wagonjwa, mimi nakua, si wewe mwenyewe uliniambia?" Baba yake ni dereva wa lori, nyumbani anapita tu, nimemweleza kwa simu akasema niache kumsumbua mtoto, kwao hawana majitu, mama yake mpaka leo anapanda kigoda kuwasha taa na hajawahi kulazwa. Nami nikajifariji hivyo, ila roho haitulii, kwa sababu siku hizi Pini amepoa sana, jua linawaka yeye ameng'ang'ania sweta, akirudi shule anajitupa kitandani na viatu vyake, choo chake ni kigumu mpaka analia, mwalimu anasema anasinzia darasani, nami nilidhani ni uvivu wa kujidekeza, nikawa namjazia sahani na anaiacha nusu.

Nimefikiria nimwambie tunaenda kutazamwa jino lake linalotikisika, tukishafika daktari ampime kila kitu bila yeye kujua. Maana nikimwambia ukweli atajua kwamba mama yake mzazi amempaka mafuta kwa mgongo wa chupa muda wote huu, na wenzake aliowaringia atawaficha wapi uso? Hataniamini tena maisha yake yote. Maji yamenifika shingoni. Nifanyeje?

Mama Pini, fundi wa sare

*

Mama Pini mwanangu, marahaba. Umri unaruhusu, tena sana tu.

Sikucheki. Niliposoma pale mtoto anapokuuliza kama ameishia hapo, nilivua miwani nikaiweka mezani. Mzazi gani asingekimbilia mkasi na sindano? Ulifanya kwa mapenzi, hilo nalijua na wewe ulijue, acha kujitafuna. Lakini mapenzi hayo sasa yamesimama mlangoni yanamzuia mtoto asifike kwa daktari, kwa hiyo tuyaondoe hapo, na tuyaondoe leo.

Kuwa mfupi si ugonjwa. Mama mkwe wako na kigoda chake nampa heshima zake zote. Ila mtoto mfupi anayeongezeka kila mwaka, hata kama ni kidogo kidogo, huyo anaweza kuwa amefuata damu ya kwao tu. Mtoto wa umri wa shule anayesimama palepale mwaka mzima ni habari nyingine kabisa, na hiyo haijibiwi kwa simu na mtu aliye kwenye usukani. Mumeo usimwombe ruhusa. Mpe taarifa. Akilalamika, mwambie aje ampime yeye.

Halafu kuna mambo umeyaandika kama ya pembeni, nami ndiyo yaliyonishtua. Sweta juani, usingizi darasani, choo kigumu, sahani inayobaki. Mama, huo ulikuwa uvivu? Mimi si daktari na sitakutajia ugonjwa gazetini. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ziko sababu zinazomsimamisha mtoto asikue, na baadhi yake zinaonekana kwa kipimo cha damu cha kawaida, zinapatiwa dawa, na mtoto anaanza tena kukua. Lakini mifupa haingoji milele. Akishapevuka na ikamaliza kurefuka, muda uliopotea haurudi wote. Na muda mwingine wewe umeshaumaliza kwenye cherehani. Nimekuwa mkali? Ndiyo, kwa sababu huyu mtoto ameanza kuniuma hata mimi nisiyemjua.

Habari ya jino ifute kabisa. Eti jino! Jino gani hilo linalotolewa damu mkononi? Atakugundua pale pale, mbele ya watu asiowajua, akiwa ameshikwa na hofu ya sindano, na siku hiyo ndiyo utakapompoteza kweli. Uongo wa kwanza ulimfurahisha, angalau. Huu wa pili ni wa kukufurahisha wewe.

Unaogopa hatakuamini tena. Hebu fikiria alivyomjibu nesi. Mtoto wa miaka tisa kabishana na mtu mzima kwa ajili yako! Imani ya namna hiyo itatikisika, sikudanganyi. Atanuna. Anaweza kukwambia maneno ya kukuchoma, au asiseme nawe kutwa nzima. Mwache anune, ana haki yake. Na usidhani haoni. Bila shaka anaoga na mdogo wake, wanalala chumba kimoja, anajua nani anamtazama nani kwa juu. Huenda amelishikilia gauni hilo kwa sababu ndilo pekee lililokuwa likimwambia anachotamani kusikia, na huo ni mzigo mkubwa kwa mtoto kuubeba peke yake.

Kwa hiyo leo funga kibanda mapema, wateja hawafi. Mdogo mtu mpeleke kwa jirani akacheze. Kaa na Pini, nyinyi wawili tu, umwambie kwa mdomo wako: nilikunja upindo, nilikosea, sikutaka kukuona ukilia. Usizunguke. Usimtupie lawama yule mama asiye na breki, ingawa nikimpata mimi nina maneno naye. Umwambie si kosa lake, si kwa sababu hakumaliza chakula, si kwa sababu analala sana. Wala usimwahidi kwamba dawa ipo au kwamba atakuwa mrefu, hilo hulijui wala mimi silijui. Na wenzake shuleni hawana haja ya kujua habari za upindo. Hiyo ni siri ya nyumbani kwenu, mpe neno lako kwamba hutaitoa.

Hospitalini useme kila kitu ulichoniandikia, hasa ni lini vipimo vyake vilipogoma, maana wewe futi ilikwambia zamani. Na ukiona aibu kusema hayo ya upindo, yaseme na aibu yako hivyo hivyo, madaktari wamesikia makubwa zaidi. Pitia kwa nesi kwanza, umwombe radhi kwa ile sindano uliyokuwa unaitafuta, akupe vipimo vya Pini vya mwaka jana na vya sasa uende navyo. Kumshindilia chakula acha. Kuwasimamisha mgongo kwa mgongo na mdogo wake, marufuku, iwe ni wewe, baba, au mgeni yeyote. Na kama daktari akimaliza vipimo vyote akakwambia mtoto ni mzima, ni umbo lake tu, basi utamshonea gauni la urefu wake wa kweli, na mtaenda hospitali kupimwa kila atakapowaambia.

Najua ni wapi utakwama. Ukishamwambia, atakuuliza, "Kwa hiyo mimi sijakua?" Hapo mdomo utakuwasha umpoze. Jizuie. Mshike mikono, mtazame usoni, umwambie, "Hujakua, mwanangu, na si kosa lako. Ndiyo maana kesho asubuhi sifungui kibanda. Tunaenda wote."