Nilipomzibia Mgeni Njia Mlimani

Mwende mjukuu wangu,

Hapa mtaani Jericho hatujambo, na mamako ameongeza meza ya pili ya mboga sokoni. Umeniuliza kama hilo jangwa la milimani unalokwenda kulivuka ni la kuogopwa.

Ujanani nilikuwa mpishi wa wapanda mlima Kilimanjaro. Mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, alipangiwa safari bila wageni wengine, avuke lile jangwa lililo chini ya kilele, mawe matupu na baridi kali. Siku ya pili akaanza kupepesuka. Akaniita kwa jina la dadake. Kiongozi wetu alimsihi arudi, akakataa katakata.

"Basi nitakwenda peke yangu!" akafoka.

Nikaketi katikati ya njia. "Mama, utanikanyaga kwanza."

Alinipiga teke. Sikuondoka. Mara akaanguka, tukambeba hadi chini.

Jioni akili zilimrudia. Akauliza ni nani aliyemzuia, kisha akanishika mkono akalia.

Huko juu hewa nyepesi huiba akili kabla ya miguu, na mwenyewe hajui. Mwenzako akikwambia mgeuke, geuka. Mkasirikie mkishafika chini.

Nyanyako akuombeaye,
Mutheu