Konekta ya Shaba Iliyobaki Mfukoni

Kwa baba yangu mpendwa,

Kamwene baba, na shikamoo. Mpe mama shikamoo yake pia, ingawa najua atasema salamu ya kupitia kwako huwa inafika imepungua. Mgongo unaendeleaje? Na baridi ya Njombe imeshaanza kuuma vidole? Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Moyo ndio sijui niuelezeje. Ningepiga simu, lakini kwa masikio yako ningelazimika kupiga kelele, na haya si maneno ya kupigia kelele. Barua anakuletea mwalimu wa shule ya hapa, Mbena mwenzetu, anakuja likizo.

Kazi ni ileile ya vioo. Hii hoteli ya watalii iko pembezoni mwa hifadhi, huku wilaya ya Serengeti, na ukuta wake wa mbele wote ni kioo, kuanzia sakafuni mpaka karibu na paa. Mwambie mama sipandi ngazi, aache kukesha akiniombea nisidondoke. Nasimama chini na brashi yenye mti mrefu, na maji yanapanda kwa mpira kutoka kwenye tenki lenye mashine ya kuchuja. Yamechujwa mpaka yakikauka hayaachi hata doa. Ukiyaona, baba, utayaonea huruma kuyamwaga.

Shida ilianzia pale mpira mmoja unapoungana na mwenzake, kwenye kona ya nje. Paliungwa kwa konekta ya plastiki, zile za kusukuma tu zikalia ta! Jua la huku likaikausha, ikapata ufa mwembamba, ikawa inadondosha. Nikaizungushia mpira wa baiskeli kama ulivyokuwa ukifunga bomba la kijiji enzi zako za kamati ya maji. Ikadondosha vilevile. Nikajisemea, aa, si tone tu! Kwetu bomba likivuja nani anashtuka? Bata wa jirani wanafurahi, basi.

Kumbe huku tone lina wenyewe. Mvua zimekata, mito imebaki mchanga, na tembo anasikia harufu ya maji kutoka mbali sana.

Nimepanga chumba kwa Mama Ghati, mjane wa Kikurya. Kwao ni Susuni, Tarime, ila aliolewa huku. Ni mkali kama pilipili, lakini nikichelewa kurudi ugali wangu naukuta umefunikwa. Ana shamba moja la mtama, liko kati ya nyumba yake na hoteli, na ndilo chakula chake cha mwaka mzima. Mtama ulikuwa umeanza kubeba vizuri. Asubuhi moja tukaamka tukakuta upande mzima umelala chini kama mkeka. Tukafuata nyayo. Zilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kona yangu ya vioo. Mama Ghati akainama, akagusa lile tope, akaiangalia konekta, akaniangalia mimi.

“Mura,” akasema, ndivyo wanavyowaita vijana wa kiume huku, “hii maji yako ndiyo imeita wageni?”

Baba, nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwendea meneja, nikamwambia maji ya tenki yanapotea na tembo wameshaonja. Yeye alisikia ya tenki tu. Akanituma Tarime nikachague konekta ya kuaminika. Nilizunguka maduka ya vifaa mpaka miguu ikawaka. Jamaa mmoja aliyeleta mali yake kutoka Sirari, pale mpakani, akaniapia, “Hii ni shaba orijino ya Kenya, bosi, haiwezi kukuangusha.” Nikatoa msumari, nikaikwaruza kama ulivyonifundisha. Ndani nyeupe pee! Rangi tupu. Akanuna, nami nikaendelea na safari yangu. Mwisho nikaipata shaba yenyewe, nzito, meno yake ya kukazia hayajalika, ringi ya mpira imekaa sawasawa, klipu zake za chuma. Nilirudi nimeishika mkononi njia nzima. Nilimwonyesha Mama Ghati kabla ya meneja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Nilipofika hotelini nikakuta mambo yamegeuka. Jioni nikiwa bado Tarime, tembo walikuja tena kunywa pale konani, na wageni wote walikuwa wameketi ndani, nyuma ya vioo. Wakapiga picha. Mama mmoja alilia kwa furaha.

“Iache idondoshe,” meneja akaniambia.

“Bosi, si wewe uliyenituma?”

“Nilikutuma kabla tembo hawajaja.”

Nikamweleza habari ya mtama. Akasema mambo ya wanyama yana ofisi zake, mimi ni wa vioo. Kesho yake nikaifunga ile ya shaba hivyo hivyo. Halikutoka hata tone, baba, ungeipenda. Akaja mwenyewe, akaifungua taratibu, akarudisha ile ya plastiki, akaniwekea shaba kiganjani. “Nzuri hii, itunze. Nikiikuta hapa tena utaenda kuifunga kwenu Njombe.”

Wazee walisema tembo wakipigana nyasi ndizo zinaumia. Hawa hata hawapigani, wanakunywa tu! Mchana nawamwagia maji, jua likizama nasimama shambani na Mama Ghati tunapiga madebe kuwafukuza. Nimewaza kuacha kazi. Lakini atakayeshika brashi baada yangu ataiacha idondoshe vilevile, na mtama hautasimama. Nimeshindwa, baba. Wewe uliwahi kufunga kila kilichovuja pale kijijini. Hiki ukinionyesha kinavyofungwa nitashukuru, ila sioni.

Msalimie kaka yangu na shemeji, na bibi umwambie blanketi lake silisahau. Msalimie na mzee wa kanisa aliyenisindikiza stendi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini jana Mama Ghati alianza kukata mtama uliobaki, ungali mbichi, awahi chochote. Nikaenda kumsaidia. Akaniuliza, “Mura, ile chuma ya Tarime unayo?” Nikaitoa mfukoni. Akaipima mkononi, akaigeuzageuza, akanirudishia.

“Ni nzuri,” akasema. “Sasa uoshe vizuri hiyo vioo yako, wageni waone na shamba yangu.”

Leo asubuhi nimeviosha, baba. Linaonekana lote.

Ni mimi mwanao,
Tumaini